Barua ya wazi: Badilisheni mashindano ya watoto, makocha tutafuata

Kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Riadha Tanzania, Chama cha Riadha Mkoa wa Dodoma, na maafisa michezo wa halmashauri zote za mkoa huu.

YAH: MASHINDANO YA RIADHA KWA WATOTO WALIO CHINI YA MIAKA 14

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kocha wa kujitolea wa klabu ndogo ya riadha ya watoto hapa Dodoma. Hatuna basi, hatuna mdhamini, na uwanja wetu ni wa shule ya msingi, tunauazima baada ya masomo. Siandiki kuomba fedha. Foleni ya wanaoomba fedha kwenye ofisi za serikali Mtumba ninaijua, na kwa AFCON ya 2027 tunayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, wenzetu wa soka wameshika namba za mbele, wala siwaonei wivu. Ninachoomba gharama yake kubwa ni karatasi na saini: mbadilishe namna watoto wanavyoshindanishwa.

Kocha wa watoto hufundisha kile kitakachohesabiwa siku ya mashindano. Mpelekeni kozi, mpeni cheti, mpeni na fulana. Akirudi akakuta shule au klabu yake inapimwa kwa nani kawa wa kwanza kwenye mita 800 na 1500, atafanya lililo rahisi. Atachagua watoto sita wenye pumzi, atawakimbiza barabarani alfajiri na jioni, na waliobaki watapewa kazi ya kushangilia. Simlaumu. Mwalimu mkuu anataka kombe la kuweka ofisini, afisa elimu kata anataka kata yake itajwe, mzazi anataka mwanawe achaguliwe kwenda mkoani. Wote wanamsukuma upande mmoja. Miruko na mitupo imo kwenye ratiba, hilo nakiri, lakini huku chini, ngazi ya shule na kata, mara nyingi nilizoshuhudia ndiyo inayofutwa jua likianza kuzama na mgeni rasmi akianza kuangalia saa.

Naomba niwaeleze ninachokiona uwanjani.

Mtoto akiletwa klabuni huletwa na sifa: "Kocha, huyu ana mbio." Na kweli anazo. Lakini mwangalie vizuri. Mikono inakata mbele ya kifua kushoto na kulia, kichwa kimelala nyuma, unyayo unatua mbali mbele ya mwili, kisigino kikitangulia, kwa hiyo kila hatua anajipiga breki mwenyewe. Mwambie akimbie aruke kwenye mchanga. Anakuja kwa kasi, akibakiza hatua nne anaanza kupapasa akitafuta mguu wa kurukia, na anapofika kwenye alama kasi yote imekwisha. Mpe mpira arushe: mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia huohuo, kiuno hakisogei, kazi yote imeachiwa bega. Viunzi ndiyo usiseme. Anakirukia kwa miguu yote miwili, anatua, anasimama, kisha anaanza mbio upya.

Hakuna kipaji kilichokosekana hapo. Hakufundishwa, basi. Na haya hufundishika upesi sana mtoto akiwa na miaka minane, tisa au kumi, maana katika umri huo mwili unanakili haraka kile jicho linachokiona. Methali tunayoipenda inasema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunamkausha kwanza, halafu tunataka kumkunja akifika kambi ya taifa.

Kwetu mazoezi huanza na michezo ya mtaani, kidali po na rede. Wapo wazazi waliokuja kuniuliza kama nawalea watoto wao au nawafundisha riadha. Lakini rede inafundisha kukwepa, kugeuka ghafla na kurusha kwa shabaha, na kuruka kamba kunafundisha unyayo kugusa ardhi na kuiachia upesi, jambo ambalo mkimbiaji wa mita 100 analitafuta maisha yake yote. Zamani watoto walikuja na michezo hii kutoka mtaani. Siku hizi, hasa hawa wa mjini, inabidi tuwafundishe sisi. Baada ya hapo ni mbio za mita 20 au 30, wakiwa hawajachoka, na mapumziko ya kutosha katikati. Hapo ndipo ninapogombana na makocha wenzangu, wanaoamini kwamba mtoto asiyetapika hajafanya mazoezi. Ujuzi hauingii kwenye mwili uliochoka. Mkao ukianza kuharibika, tunasimama, tunakunywa maji, tunahamia kwenye miruko.

Kama mnataka kuona kwa macho kazi ya ufundi, angalieni mbio za kupokezana vijiti. Katika mita 100 mara nne, eneo la kubadilishana lina urefu wa mita 30, nafasi ya kumtosha anayepokea kuwa tayari ameshika kasi kabla kijiti hakijamfikia. Watoto wengi hawaitumii. Anayepokea anasimama, anageuka, ananyoosha mkono na kumsubiri mwenzake kwa macho, na kila makabidhiano yanapoteza kasi iliyotafutwa kwa mita mia nzima. Tunachofanya sisi ni kuchora alama ardhini kwa chokaa. Mwenzako akiikanyaga, wewe ondoka bila kuangalia nyuma. Akikuita, rudisha mkono. Ni wiki chache za kucheka na kuangusha vijiti. Nimeona watoto wanne wa kawaida kabisa, ambao mmoja mmoja hakuna anayeshinda, wakiwaacha wanne wenye mbio kuwazidi kwa sababu kijiti chao hakikusimama. Furaha ya watoto wale siwezi kuiweka kwenye taarifa yoyote ya robo mwaka.

Kuna jambo la mwili ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo alijue. Wasichana huingia kwenye kipindi cha kurefuka haraka wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na hapo katikati tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa. Mifupa inatangulia, misuli na kano zinafuata baadaye. Karibu na ncha za mifupa kuna gegedu la ukuaji ambalo bado ni laini, na sehemu ambapo kano zinajishika kwenye mfupa huo unaokua ndizo zinazoumia kwa kuvutwa tena na tena: maumivu chini ya goti, maumivu ya kisigino. Kilomita nyingi za barabara ngumu, kila siku, kwa raba zilizokwisha soli au bila raba kabisa, katika umri huo, zinazaa majeruhi tunaowaita wavivu. Mtoto aliyekwisha kujifunza kukimbia, kuruka na kurusha kabla ya kipindi hicho, mwili ukirefuka atayumba kidogo, kisha atajipanga upya. Aliyejua kuvumilia tu hana pa kurudi.

Kipindi hichohicho ndicho kinachotudanganya katika kuchagua. Anayebalehe mapema anashinda kila kitu akiwa na miaka 12, anabebwa na picha inapigwa. Akifika 16 wenzake wamemfikia kwa urefu na nguvu, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kitu wakati akishinda, anaanza kupitwa. Yule mdogo mwembamba ambaye angempita alishaambiwa miaka minne nyuma arudi jukwaani akashangilie.

Najua jibu litakalokuja: sisi watu wa Kanda ya Kati na Kaskazini ni watu wa mbio ndefu, tuachane na viunzi na mikuki. Tuongee basi mbio ndefu.

Juma Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma, ofisa wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo. Mwaka mmoja kabla, kule Boston, alifika mstarini kwa saa 2:08:44. Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa amefika kwa 2:08:43. Sekunde moja baada ya zaidi ya kilomita 42. Sasa tusogee hadi Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu, mtoto wa majirani zetu wa Singida, na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na dhahabu ikaamuliwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na iliamuliwa mita za mwisho, kwa miguu iliyojua kukimbia kasi ikiwa imechoka na kifua kilichojua kuuinamia mstari.

Sidai kujua walivyolelewa mabingwa hao utotoni. Nasema kwamba mbio ndefu za leo zinamalizika kama mbio fupi, na anayezuia watoto kujifunza kasi kwa hoja kwamba watakuwa wakimbiaji wa marathoni, hata hiyo marathoni hajaitendea haki. Tena medali za Olimpiki tulizonazo ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Nyingine Filbert Bayi, mtu tunayemkumbuka zaidi kwa rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, aliipata kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Viunzi, waheshimiwa.

Sasa ombi lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirikisho la riadha la dunia, wakati huo likiitwa IAAF, liliandaa mfumo wa riadha kwa watoto ambao bado linauendeleza leo kwa jina la World Athletics. Hakuna haja ya kubuni kipya. Watoto wanashindana kwa timu, wavulana na wasichana pamoja, na kila mtoto anafanya kila kitu: anakimbia, anaruka na kurusha. Kuna mbio za kupokezana zenye viunzi vifupi njiani. Kuna miruko ya chura, ambapo mmoja anaruka, anayefuata anaanzia pale mwenzake alipotua, na timu nzima inasukuma alama mbele. Kuna kurusha mpira mzito kinyumenyume juu ya kichwa. Kuna mkuki mwepesi usio na ncha. Kuna mbio za dakika nane ambazo kila mtoto anakimbia awezavyo na kila mzunguko anaoumaliza unaongezwa kwenye hesabu ya timu, hivyo hata wa mwisho ana kitu alichokileta. Mwisho zinajumlishwa pointi za timu.

Angalieni kinachomtokea kocha hapo. Kwa kuwa kila mtoto anahesabiwa, hawezi tena kufundisha sita na kuwaacha ishirini. Kwa kuwa kurusha kunahesabiwa, atafundisha kurusha. Na kishawishi cha kuleta vijeba na mamluki kinapungua, maana kijana mmoja wa miaka 16 aliyeandikwa 12 hawezi kuibeba timu nzima peke yake. Ukaguzi wa vyeti vya kuzaliwa uendelee, lakini tunaofanya kazi hii tunajua cheti kinavyopatikana wiki moja kabla ya mashindano.

Vifaa? Nimesikia mara nyingi kwamba havipo. Mkoa wetu una makorongo ambayo kila masika yakipita yanaacha mchanga safi. Mkokoteni wa punda ukienda mara kadhaa, shimo la kurukia limejaa. Viunzi vya watoto ni mabomba ya plastiki ya fundi bomba, au fito mbili na kamba inayoanguka ikiguswa. Mpira mzito ni mpira mbovu uliojazwa mchanga ukashonwa. Mkuki ni mwanzi uliosuguliwa ncha hadi ikawa butu. Njia zinachorwa kwa chokaa, na chokaa ikikosekana majivu yapo kila jiko. Saa ya kupimia muda iko kwenye simu. Adui wetu mkubwa wa vifaa hapa Dodoma ni mbigili, na dawa yake ni jembe na nusu saa ya wazazi kabla watoto wasio na viatu hawajaingia uwanjani.

Walimu ndio jambo gumu kidogo. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini tukubali kwamba kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa kuwa cha Hisabati mitihani ikikaribia, na mwalimu aliyepewa somo hilo mara nyingi amelipewa kwa sababu ni kijana, au kwa sababu ana filimbi. Siku mbili za mafunzo ya vitendo katika kila kata zingetosha kuanzia. Afundishwe aone: unyayo unatua wapi, mguu gani wa kurukia, kiuno kinatangulia mkono au hakitangulii. Mwongozo wa kurasa mia hautasomwa. Picha kumi zilizobandikwa ukutani zitasomwa kila siku.

Kuhusu wasichana nina neno moja. Tunawapoteza wakiwa na miaka 12 na 13, na tunasingizia mila. Mara nyingi ninazoziona mimi sababu ni kaptula inayobana, choo kisicho na maji, hedhi isiyozungumzwa, na kocha mwanamume aliye peke yake uwanjani giza likiingia. Kila timu ya watoto iwe na mwanamke mtu mzima anayeandamana nayo, na liwe sharti la kusajiliwa, siyo ushauri.

Kwa waandaaji wa mbio za barabarani zinazofanyika hapa jijini, nanyi mnahusika ingawa sikuwataja juu. Kila nikienda naona watoto wa darasa la tano kwenye kilomita 10, wengine hata 21, wakifuata fulana na medali. Kwenye Mashindano ya Dunia, mwanariadha ambaye hatafikisha miaka 20 ndani ya mwaka huo haruhusiwi kabisa kuingia marathoni. Waliotunga sheria hiyo wanashughulika na vijana walio na madaktari na makocha wa kulipwa. Sisi mtoto wa miaka 11 aliyekunywa chai ya rangi tunampa namba ya kifuani na kumpigia makofi. Wapeni watoto kilomita moja yao, mapema kabla jua halijawaka, na medali ileile.

TAMISEMI, ombi langu kwenu ni waraka. Useme kwamba kwa watoto wa darasa la sita kushuka chini, mashindano ya ngazi ya shule na kata yafanyike kwa timu, kwa kukimbia, kuruka na kurusha, na kwamba bingwa ni timu. Ngazi za juu ziendelee kama zilivyo kwa sasa, sitaki kuvuruga UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, nzima kwa siku moja. Maafisa michezo, katika taarifa zenu ongezeni safu moja: watoto wangapi walishiriki mwanzo hadi mwisho, si medali ngapi tu. Safu hiyo ikiulizwa kwenye kikao, mtashangaa viwanja vitakavyojaa. Riadha Tanzania na chama cha mkoa, tunaomba mkufunzi mmoja anayeujua mfumo huo wa watoto. Nauli na chakula vilabu tutachangishana.

Kama mkoa mzima ni mkubwa mno kwa kuanzia, chukueni halmashauri moja, Bahi au Chamwino, kata tatu tu, mwaka mmoja wa masomo. Wapimeni watoto mwanzoni: mita 30 kwa saa, kuruka mbali bila kukimbia, kurusha mpira. Wapimeni tena mwishoni, na mwandike pia wangapi bado wanakuja. Matokeo yakiwa mabaya, mtabandika kwenye mbao zenu za matangazo na mimi nitakuwa wa kwanza kuyasoma.

Mashindano ya kata hupangwa mapema na ratiba ikishatoka haibadiliki, hivyo waraka ukichelewa tutakuwa tumepoteza mwaka mwingine. Klabu yetu ina kamba, viunzi vinane vya mabomba na watoto wanaojua kuvipanga. Mkitaka kuona kabla ya kusaini, tupo uwanjani kila Jumamosi asubuhi, na tutawaonyesha bila risala wala mgeni rasmi.

Wenu katika michezo,

Kocha wa kujitolea,
Dodoma